Kamera nne kwa mpiga picha mmoja wa Bagamoyo: uzoefu wangu

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na ndugu zangu, na hata na mafundi wa majahazi walionizoea hapa Bagamoyo, ni kwa nini mtu ambaye hali ugali wake kwa kazi ya picha awe na kamera nne, ilhali mfukoni ana simu. Jibu ambalo wengi hulitarajia ni kwamba kila kamera inapiga picha safi kuliko nyenzake, na jibu hilo si la kweli. Nikichapisha picha za kamera zangu tatu za kidijitali kwa ukubwa wa kawaida wa kuweka kwenye albamu, mtu asiyejua hawezi kusema ipi imetoka wapi. Kinachozitofautisha ni mambo mengine kabisa: ipi inaweza kuingia majini, ipi inavumilia kufuata ngoma usiku, na ipi mzee wa makamo anaikubali imwelekee bila kubadilisha uso.

Mimi ni mhasibu, na picha ni shughuli ya mwisho wa juma na ya alfajiri kabla ya kazi. Kamera zote nimezinunua kwa fedha yangu, tatu kati yake zikiwa zimetumika, na hakuna kampuni wala duka lililoniomba niandike haya.

Kamera ninayoibeba zaidi ni Fujifilm X100F, iliyotolewa mwaka 2017. Ina lenzi moja isiyobadilishwa na isiyovuta, ya milimita 23, ambayo kwa sensa yake (bamba la ndani linalopokea mwanga) inaona upana sawa na lenzi ya milimita 35 ya kamera za mkanda. Watu wengi huona kutovuta kuwa ni upungufu, na kwa anayetaka kupiga ndege ni upungufu kweli. Mimi nimeiona faida yake katika soko la samaki. Mashua zinaporudi asubuhi na mnada kuanza, ukitokea na kamera kubwa yenye lenzi ndefu mnada wote unageuka kukutazama. Mmoja atauliza picha zinapelekwa televisheni gani, mwingine atataka chake kwanza, na akina mama wanaokaanga samaki watavuta kanga usoni, tena kwa haki, kwa sababu hakuna aliyewaomba. Kamera ndogo haikuondolei wajibu wa kuomba ruhusa, lakini inakulazimisha usogee hadi mahali pa kusalimiana, na kwetu picha ya mtu huanzia hapo.

Kwa mafundi wa majahazi utaratibu wangu ni ule ule. "Mzee, shikamoo. Naomba nikupige picha ukiwa kazini." "Marahaba, mwanangu. Na mimi nitaiona lini?" Swali hilo la pili lina uzito, na ndiyo maana sehemu ya bajeti yangu ya picha huenda studio kuchapisha nakala za kuwapelekea wenyewe. Baada ya hapo fundi anarudi kwenye tezo lake au kwenye kusindika kalafati katikati ya mbao, na shata ya X100F, yaani pazia la kuruhusu mwanga, ambayo imo ndani ya lenzi yenyewe na hufunguka kwa mlio mdogo mno, haimkumbushi tena kwamba nipo. Kwa kamera yenye kioo kinachopanda na kushuka, kila picha ina kishindo chake, na kila kishindo kinamfanya mtu anyanyue kichwa.

Shata hiyo ina faida nyingine ambayo sikuona ikielezwa vya kutosha kwa watu wa ukanda wetu. Bagamoyo iko kama nyuzi sita na nusu kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi, kisha tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hukaa karibu wima juu ya kichwa. Mzee aliyevaa kanzu nyeupe na kofia akisimama nje saa hiyo, kanzu inawaka na macho yake yanazama katika kivuli cha paji la uso. Ukiirekebisha kamera kwa ajili ya uso, kanzu inapotea yote, na ukiirekebisha kwa ajili ya kanzu, uso mweusi unakuwa doa. Dawa yake ni kutia flashi kidogo mchana kweupe. Katika kamera nyingi za lenzi za kubadilisha, shata ni mapazia mawili yanayofuatana, na flashi haiwezi kuangaza picha nzima kwa kasi inayozidi takriban sehemu 1 ya 250 ya sekunde, isipokuwa utumie flashi ya nje yenye mfumo maalumu unaoipunguzia nguvu. Kwa kasi hiyo, na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa 200, jua kali linanilazimisha kulibana tundu la lenzi hadi karibu f/16 (namba ikikua, tundu linapungua), na hapo flashi ndogo haifui dafu. Shata ya X100F haina kizuizi hicho, kwa hiyo nabaki f/8 kwa sehemu 1 ya 800 ya sekunde, jua likiwa lile lile, na flashi inahitaji robo tu ya nguvu iliyohitajika kule. Flashi iliyojengwa ndani ya kamera inatosha kwa mtu aliye umbali wa hatua mbili: nyuzi za kanzu zinaonekana, na macho yanaonekana pia. Kwa picha za Idi na za harusi za mchana, sifa hii peke yake imenilipa gharama ya kamera.

Nikon D7200 ya mwaka 2015 ni ya kazi zinazohitaji nguvu. Ina sensa ya megapikseli 24, nafasi mbili za kadi ili picha zikiharibika upande mmoja zibaki upande wa pili, na betri ambayo kwa kipimo cha kawaida cha viwandani inafikisha takriban picha 1,110. Uzito wake bila lenzi ni gramu 765, na bega langu linalijua hilo. Huitoa sandukuni kwa mambo mawili. La kwanza ni ngoma. Bagamoyo ni mji wa sanaa tangu Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na tamasha lake la kila mwaka huleta jukwaani wachezaji ambao hawasubiri kamera ilenge. Taa za jukwaa hubadilika, vumbi hupanda, na mchezaji anaporuka unahitaji angalau sehemu 1 ya 500 ya sekunde ili miguu isiwe ukungu. Hapo natumia lenzi ya milimita 85 yenye tundu la f/1.8, ambayo kwa sensa ya kamera hii inasogeza kama milimita 127, na ISO ikipanda hadi 3200 picha bado inachapika vizuri, ingawa ina punje. Lenzi hiyo si ya bei ya kutisha, na kwa maoni yangu inafaa kununuliwa kabla ya kufikiria kubadilisha kamera.

La pili ni ndege. Kwenye mikoko ya upande wa Kaole, karibu na magofu, na kwenye mashamba ya chumvi, lenzi fupi haina kazi; membe na yangeyange hawasubiri shikamoo. Sina mengi ya kusema hapo zaidi ya kwamba lenzi ya kuvuta hadi milimita 300 ndiyo ya chini kabisa, na kwamba kioo cha kutazamia cha Nikon hakichelewi hata kidogo kuonyesha ndege aliyeruka.

Olympus TG-6, ya mwaka 2019, ndiyo niliyoinunua mpya, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni. Imetengenezwa kuzama hadi mita 15 bila kifuniko cha ziada, na kuanguka kutoka mita 2 na kidogo. Sensa yake ni ndogo, ina megapikseli 12, na jua likishazama simu ya kisasa inaishinda bila ubishi. Lakini siku za bamvua, maji yanapokupwa na kuacha tope refu, akina mama wanaotanda uduvi huingia baharini hadi kiunoni, nami huingia nao nikiwa nayo mkononi, jambo ambalo nisingethubutu na nyingine yoyote. Vivyo hivyo ndani ya ngalawa, ambako maji ya chumvi hurushwa usoni kila wimbi linapokatwa, na wakati wa masika. Ina pia namna ya kupiga vitu vidogo kwa karibu mno, sentimita 1 kutoka kwenye lenzi: kaa wa mikoko, aliyetulia juu ya mzizi, ameniachia picha inayoonyesha vinyweleo vya miguu yake kimoja kimoja. Sharti lake ni usafi. Kila inapotoka baharini huiloweka katika ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, na kabla ya kufunga mlango wa betri hupitisha kitambaa kwenye mpira wa kuzuia maji, kwa maana punje moja ya mchanga inatosha kuufanya mpira usikae.

Ya nne ndiyo isiyoeleweka na wengi: Pentax K1000, kamera ya mkanda iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997. Ni ya chuma na kila kitu ndani yake kinaendeshwa kwa springi na gia. Betri yake ndogo inahudumia mshale wa kupimia mwanga tu, na betri ikiisha kamera inaendelea kupiga. Huitumia katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hasa Mtaa wa India, kwenye milango ya nakshi na kuta zinazomenyeka chokaa. Bahari yetu iko upande wa mashariki, kwa hiyo nyumba zinazotazama maji hupata mwanga mzuri asubuhi na zile zinazotazama bara hupata jioni, na kwa kuwa karibu na ikweta jua huzama upesi, nafasi ya mwanga wa pembeni ni fupi. Mkanda wenye picha 36 unanifanya nisimame mbele ya mlango mmoja na kusubiri kivuli kifike kwenye nakshi, badala ya kupiga ovyo na kwenda kuchagua nyumbani.

Kazi kubwa iko kwenye kusafisha mkanda, yaani kuzitoa picha kwa dawa. Natumia mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus wa ISO 400, ambao huletewa na jamaa wanaosafiri, na nausafisha mwenyewe usiku jikoni. Dawa ya D-76 inataka nyuzi joto 20, na kwa joto hilo mkanda huu unakaa ndani yake dakika 7 na nusu. Maji ya bomba ya Bagamoyo yako mbali juu ya hapo. Ukitumia dawa ya vuguvugu muda unafupika, na ukishuka chini ya dakika 5 dawa haienei sawasawa na anga linatoka na mabaka. Kwa hiyo nanunua barafu za vifuko, naziweka kwenye beseni, naisimamisha chupa ya dawa humo pamoja na kipimajoto, na kungoja. Mke wangu amezoea kuona friji ikiwa na chupa iliyoandikwa SUMU kwa wino mwekundu, kwenye rafu yake yenye kufuli. Mkanda ukikauka naupiga picha kwa Nikon juu ya meza yenye mwanga, kwa lenzi ya kupigia vitu vya karibu, ya milimita 40, na hivyo kamera moja inaihudumia nyingine.

Gharama ya kuwa na kamera nyingi pwani haiishii kwenye kununua. Adui mkubwa ni kuvu anayeota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na hewa yetu yenye unyevu na chumvi inamlea vizuri. Nahifadhi zote kwenye kasha la plastiki lenye mpira mfunikoni, pamoja na vifuko vya punje za kunyonya unyevu na kipimo kidogo cha unyevu ambacho hupenda kukiona kati ya asilimia 40 na 50. Punje zikibadilika rangi huzikausha taratibu kwenye sufuria kavu. Begi la ngozi linapendeza, lakini ni makao ya kuvu. Nisingelipendekeza kwa mtu yeyote kutoka Tanga hadi Mtwara.

Iwapo ningelazimika kupunguza, Nikon ingeondoka kwanza, kwa sababu ngoma na ndege ni vya misimu, na kamera ya kazi hizo mtu anaweza kuazima kwa rafiki. X100F ingebaki mwisho. Kwa anayeanza na ana simu nzuri, sioni sababu ya kununua kamera nyingine hadi atakapojua simu inamkwamisha wapi: kama ni kwenye maji anunue ya maji, kama ni jukwaani anunue yenye lenzi ya tundu kubwa, na mbili hizo hazitapatikana katika mwili mmoja.

Kwa wanaonunua zilizotumika, lenzi imulikwe kwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi, na kuvu akionekana hata kidogo, bei isijadiliwe tena. K1000 ijaribiwe kwa sekunde 1 nzima. Springi zilizochoka husita hapo kabla ya kusita kwingine. Kamera ya majini inunuliwe mpya, kwa kuwa hakuna njia ya dukani ya kujua mpira wake umekaa juani kwa muda gani, na jibu la swali hilo hupatikana ikiwa tayari imezama.