Datsun 1200 bila pointi: waya mwekundu ulionitesa siku 3

Karibuni tena jamani! Tuko Kariobangi, Nairobi, na hiyo sauti nyuma yangu ni pikapu ya Datsun 1200 inanguruma bila pointi. Bila pointi kabisa, yaani vile vibati viwili vya kwenye distributa vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme wa koili na kutoa cheche! Nimefurahi mpaka sijui nianzie wapi.

Injini yake ni A12, mnaijua, sina haja ya kuieleza. Kidude cha kielektroniki kinachochukua kazi ya pointi ndicho hiki: kinakaa ndani ya distributa, ile inayogawa cheche kwa plagi, palepale pointi zilipokuwa, na hili duara la sumaku linavaa kwenye shafti chini ya rota. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kulika, hakuna kushika msasa na kupima mwanya wa milimita 0.5 kila mara.

Lakini ile karatasi ya maelezo imeniudhi! Eti waya mweusi wa kidude hasi ya koili (ile inayokuza umeme wa cheche), mwekundu chanya ya koili, basi. Nikafunga hivyo. Napiga stata, injini inashika. Naachia ufunguo, inazima. Napiga, inashika, naachia, inazima. Siku 3!

Sogeza kamera. Mnaona hiki kipande cheupe cha kauri kando ya koili? Ni resista, inapunguza umeme ili pointi zisiungue. Ukipiga stata umeme hauipitii, unakwenda koili moja kwa moja, ndiyo maana inashika. Ukiachia ufunguo, unapitia humu. Tazameni mita, hii nilirekodi kabla sijang'oa pointi, zikiwa zimefungana: upande wa swichi, volti 12.2. Upande wa koili... 6.9. Kidude kinataka 12 nawe unakipa 7, kitafanyaje kazi?

Basi mwekundu nikautoa kwenye koili nikauleta hapa, upande wa resista unaotoka kwenye swichi. Usikaze kwanza! Mtu apige stata wewe umeshika mita papa hapa. Umeme ukikatika injini ikizungushwa, tafuta waya mwingine wa swichi. Wangu haukukatika.

Mweusi na mwekundu usibadilishe, kitaungua. Swichi usiiache imewashwa injini ikiwa imezima. Na taiming, yaani wakati cheche inapotoka, upime upya kwa taa yake, yangu ilikuwa imesogea.

Bei? Kirinyaga Road, muuzaji alianzia shilingi 13,000, tukavutana mpaka 9,500. Mwanzoni nilikuwa nawaambia mnunue distributa nzima ya kielektroniki. Nimebadili mawazo. Labda kama shafti yako inacheza; hapo kidude hakitakusaidia, nunua nzima.

Watu wa Peugeot 504, najua mko hapo chini mnaandika. Ndiyo, mlishinda mbio za Safari Rally 1975, lakini Datsun ilitangulia, 1970! Msikasirike, tumepata 504 pikapu huko Ngara, video yake ni Jumamosi, kwa hiyo jiungeni na chaneli.

Ngoja niizime, niiwashe tena ikiwa na moto wake, hapo ndipo ilikuwa inanisumbua zaidi. Kimya kidogo... Mmesikia? Haijamaliza hata mzunguko mmoja. Narudia, sikilizeni.