Albamu ya pili: Adele au Lorde?

Albamu ya pili ndiyo inayomtoa mwanamuziki jasho, na hizi mbili za maumivu ya kuachana nazipenda kwa dhati. Adele wa Uingereza alitoa albamu yake ya pili, iitwayo 21, mwaka 2011, miaka mitatu baada ya ile ya kwanza. Alipita kwa watayarishaji wengi: Paul Epworth, Rick Rubin kule Malibu, na wengineo. Lakini sikiliza Someone Like You. Piano na sauti, basi. Na tunachosikia ni ile rekodi ya majaribio aliyoifanya na Dan Wilson. Kwenye kiitikio sauti inakwaruza kidogo, nao wakaiacha vivyo hivyo. Hapo ndipo anaponimaliza.

Lorde wa Nyuzilandi alichukua karibu miaka minne kati ya albamu ya kwanza na ya pili, 2013 hadi 2017, na sehemu kubwa ya hiyo ya pili, Melodrama, aliifanya na mtayarishaji mmoja, Jack Antonoff. Ndiyo maana imeshikana, kama usiku mmoja wa sherehe tangu taa ziwake hadi watu watawanyike.

Kwa tuzo, Adele alibeba Grammy ya albamu bora mwaka 2012. Lorde aliishia kuteuliwa. Ukitaka wimbo mmoja wa kulia nao, chukua 21. Kusikiliza albamu nzima bila kuruka wimbo, mimi ni Melodrama.