Kitabu Kipi cha Kiongozi Kuhusu Taifa la Kigeni Kinastahili Fedha Zako?

Vitabu ambavyo viongozi wa serikali huandika kuhusu mataifa ya kigeni ni vinene na vya bei kubwa, na jina la mwandishi ndilo huvifanya vinunuliwe. Nimevipanga hapa kwa kigezo kimoja tu: je, msomaji anaweza kumhakiki mwandishi, au hana budi kumwamini?

Nafasi ya kwanza naipa On Xi Jinping cha Kevin Rudd, kinachomhusu kiongozi wa China, kilichotoka mwaka 2024. Rudd, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia mara mbili, anakijua Kichina, na kitabu kimetokana na tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford. Hoja zake zimejengwa juu ya hotuba na nyaraka za Chama cha Kikomunisti cha China, kwa hiyo asiyekubaliana naye anaweza kuzirudia nyaraka zilezile na kujionea. Mnunuzi azingatie, hata hivyo, kwamba kilitoka mwandishi akiwa balozi wa nchi yake mjini Washington, na balozi aliye kazini hasemi kila analolijua. Tena si kitabu chepesi.

Cha pili ni In Retrospect cha mwaka 1995, cha Robert McNamara, Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia 1961 hadi 1968. Asiyeijua Vietnam hatajifunza mengi humo kuhusu Wavietnam wenyewe. Lakini mwandishi anakiri waziwazi kwamba yeye na wenzake walikosea katika Vita vya Vietnam, na kwamba wataalamu waliolifahamu eneo hilo walikuwa wamekwisha kuondolewa serikalini katika msako wa wakomunisti wa miaka ya 1950. Ushahidi unaomuumiza anayeutoa nauamini kuliko unaompamba, ingawa huu ulikuja miaka 20 baada ya vita kwisha.

On China cha Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Nixon wa Marekani na baadaye Waziri wa Mambo ya Nje, cha mwaka 2011, nakiweka cha tatu, na najua wengi wangekitanguliza. Hakuna Mmarekani mwingine wa enzi yake aliyeandika akiwa na uzoefu kama huo wa kuzungumza na Mao Zedong, kiongozi wa China, na waziri mkuu wake Zhou Enlai. Tatizo ni rekodi yake. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1979 alidai kwamba katika kikao cha kwanza cha safari yake ya siri ya Beijing, Julai 1971, suala la Taiwan liliguswa kwa ufupi tu. Nyaraka zilipofunguliwa mwaka 2002, ilionekana kwamba suala hilo lilichukua takriban theluthi moja ya kikao hicho, na kwamba Kissinger alimhakikishia Zhou mambo mazito. Kwa msomaji wa Tanzania jambo hili si la mbali, kwani mwaka huohuo nchi yetu ilikuwa mstari wa mbele Umoja wa Mataifa kudai Beijing ipewe kiti cha China kilichokuwa kimeshikwa na Taiwan, tena hadharani. Zaidi ya hayo, tangu 1982 Kissinger alikuwa na kampuni ya ushauri, na mwaka 2002 alijiuzulu uenyekiti wa tume ya kuchunguza mashambulizi ya Septemba 11 kuliko kutaja wateja wake. Nunua kitabu chake kwa ajili ya alichokiona na kukisikia, ukiziacha kando hukumu zake kuhusu sera.

Vya mwisho kabisa ni vitabu vinavyotolewa na wanasiasa wanaojiandaa kugombea. Humo taifa la kigeni hutajwa ili mpiga kura aogope au ajivune, usivinunue.

Kabla ya kulipa, fungua kurasa za nyuma uone kama mwandishi anataja nyaraka au anategemea kumbukumbu zake pekee. Kuhusu China, kuna hatua isiyogharimu chochote: juzuu ya 17 ya nyaraka za kidiplomasia za Marekani za miaka 1969 hadi 1972 inasomwa bure kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Soma humo kikao cha tarehe 9 Julai 1971, ndipo uamue kama Kissinger bado unamhitaji rafuni.