Oldupai au Makumbusho ya Nairobi: wapi pa kuona chimbuko la binadamu?

Kwa gharama, Nairobi inashinda. Ni mwendo mfupi wa matatu kutoka katikati ya jiji, na humo yumo Mvulana wa Turkana, mifupa ya zamadamu (binadamu wa kale) wa miaka takriban milioni 1.5, aliyeanza kujulikana mtafuta visukuku Mkenya Kamoya Kimeu alipookota kipande cha fuvu mwaka 1984. Mtazame: miguu mirefu kama yetu, bongo dogo.

Oldupai, bonde la kaskazini mwa Tanzania, utalipia gari na kiingilio cha Ngorongoro, na fuvu halisi la Zinjanthropus, zamadamu aliyegunduliwa humo mwaka 1959, liko Dar es Salaam. Lakini matabaka ya miamba ya bonde lenyewe, ya karibu miaka milioni mbili, hayahamishiki, nami huona yanafundisha kuliko kabati lolote.

Una watoto na siku moja? Nairobi. Unapita kwenda Serengeti? Usiikose Oldupai.