Kliniki ya ngozi ya Msasani inayomwambia mgeni "bado"

Kliniki ninayoiandikia hapa ipo Msasani, jijini Dar es Salaam. Inaongozwa na daktari bingwa wa magonjwa ya ngozi, na wengi wa wanaosubiri pale mapokezi si wakazi wa jiji hili: utawakuta Wangazija, Wakongo wa Lubumbashi, Wamalawi, na Watanzania waishio Muscat au London waliorudi nyumbani kwa likizo. Jina la kliniki nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa niliyempeleka ni wifi yangu, naye ameniruhusu kueleza habari za ngozi yake kwa sharti kwamba asitambulike. Hukumu yangu naisema mapema: ni huduma bora, na ubora wake niliuona zaidi katika yale ambayo daktari alikataa kumfanyia mgonjwa aliyekuwa na fedha mkononi na tarehe ya kurudi kwao.

Mgonjwa wa namna hiyo ndiye aliye rahisi kuuziwa chochote. Ana siku chache, amebeba akiba ya muda mrefu, amekwisha kuwaambia watu wa kwao kwamba anakwenda Dar es Salaam kutibiwa, na hataki kurudi akiwa vilevile alivyoondoka. Anayemtibu naye anajua kwamba madhara yakijitokeza wiki ya tatu, mgonjwa atakuwa ng'ambo ya bahari, mikononi mwa daktari mwingine ambaye hajui alichomwa sindano gani wala alipakwa nini. Kwa sababu hiyo, kliniki ya urembo wa ngozi mimi huipima kwa namna inavyomtendea mtu ambaye huenda haitamwona tena.

Wifi yangu anaishi Moroni, mji mkuu wa Komoro. Alikuja na mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, yale yaitwayo melasma, yaliyoanza wakati wa mimba yake ya pili na ambayo tangu hapo alikuwa akiyafunika kwa poda. Alitaka afanyiwe leza, na kama ingewezekana achubuliwe uso kwa asidi, kwa sababu harusi kubwa ya ukoo wao, ile ya anda, ilikuwa imekaribia. Alipopiga simu kuweka miadi, muuguzi alimwagiza aje na kila krimu, sabuni na losheni aliyowahi kupaka usoni, hata kama chupa imebaki tupu. Wakati ule niliona ni usumbufu, lakini kazi yote ya siku ile ilianzia kwenye mfuko wa krimu aliokuja nao.

Daktari alizipanga mezani moja baada ya nyingine na kusoma viambato vyake taratibu. Moja ilikuwa na klobetasoli, ambayo ni steroidi kali inayopaswa kutolewa kwa cheti cha daktari na kwa muda mfupi. Nyingine haikuwa na orodha ya viambato hata kidogo. Alieleza kwamba steroidi ya namna hiyo hung'arisha uso haraka kwa kubana mishipa midogo ya damu na kupunguza utengenezaji wa melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, lakini baadaye ngozi hukonda, mishipa huanza kuonekana, chunusi hutoka, na mtu akiiacha ghafla uso huwaka kwa wekundu na muwasho kiasi cha kumrudisha kwenye krimu ileile. Haidrokwinoni, kiambato kingine cha kung'arisha ngozi, nayo ni dawa halali inapotumiwa kwa kipindi kifupi chini ya uangalizi wa daktari, ila ikipakwa miaka kwa miaka inaweza kuleta okronosisi, weusi wenye ubuluu ambao ni mgumu mno kuuondoa. Zebaki, ambayo nayo hutiwa katika krimu za kung'arisha, hudhuru figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, mwanzoni uliweka mpaka wa miligramu 1 kwa kila kilo ya kipodozi. Kwetu Tanzania haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi, na usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019, lakini mkorogo bado unapatikana kwa anayeutafuta. Kilichonigusa ni kwamba maelezo haya yote yalitolewa bila kumtia mgonjwa aibu. "Dada yangu, hukukosa," daktari alimwambia. "Uliuziwa dawa kwa jina la kipodozi."

Kisha yakafuata maswali: kama ana mimba au anatarajia kupata, anatumia njia gani ya uzazi wa mpango, kama aliwahi kuganda damu miguuni, kama katika ukoo wao kuna watu ambao makovu yao huvimba na kukua, na anafanya kazi juani au ndani. Kila swali lilikuwa na kazi yake. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kuchochea melasma, na wifi alikuwa akivitumia. Kwa sababu hiyohiyo daktari aliondoa katika hesabu vidonge vya asidi ya traneksamiki, ambavyo siku hizi hutolewa kwa baadhi ya wenye melasma, kwa kuwa vikichanganywa na estrojeni hatari ya damu kuganda huongezeka. Uso uliangaliwa kwa darubini ndogo ya ngozi, ukapigwa picha kwa ajili ya jalada lake tu, kisha likaja jibu ambalo wifi hakulitarajia.

"Leza sikufanyii, na asidi sikupaki safari hii. Ngozi yako imekonda kwa krimu, na melasma ikichokozwa kwa joto hurudi na nguvu. Nikikuunguza leo, utaingia harusini ukiwa na mabaka meusi kuliko haya, nami sitakuwa karibu nikutibu."

Wifi alinyamaza, kisha akauliza kama hata kidogo tu haiwezekani, kwa kuwa fedha anayo. Alijibiwa kwamba fedha yake atabaki nayo. Nimewahi kusindikiza ndugu katika sehemu nyingine za urembo ambako swali kama hilo hufungua mlango wa "kifurushi" chenye punguzo kwa anayelipa siku hiyohiyo, na ndugu mmoja alirudi kwake na alama za kuungua kwenye taya ambazo zilikaa muda mrefu. Hivyo nilipolisikia jibu lile nilishukuru moyoni, ingawa niliona uchungu wa wifi yangu, ambao haukuwa mdogo.

Sababu ya tahadhari hiyo inafaa kuelezwa, kwa maana wengi wetu hudhani daktari anayekataa hana mashine au hana ujuzi. Leza nyingi za ngozi hulenga rangi. Katika ngozi yetu melanini imetapakaa hadi tabaka la juu, kwa hiyo inaweza kuumeza mwanga uliokusudiwa nywele au doa, ngozi ikaungua, na baada ya kuungua hubaki weusi wa miezi, au mahali pakawa peupe kabisa. Kipimo cha aina za ngozi alichokitunga Thomas Fitzpatrick mwaka 1975 kilianza na ngozi nyeupe, na aina ya tano na ya sita, ambazo ndizo zetu, ziliongezwa baadaye. Kwa hiyo mashine na maelekezo mengi hayakuanzia kwetu. Kliniki hii hutumia leza ya nanomita 1064, ambayo huzama ndani zaidi na humezwa kidogo na melanini, hasa kwa wanaume wanaosumbuliwa na vipele vya ndevu. Hata hiyo hujaribiwa kwanza kwenye eneo dogo chini ya sikio, kisha mgonjwa husubiri wiki kadhaa. Mgeni asiye na wiki hizo huambiwa wazi kwamba safari hii atapata ushauri na dawa ya kupaka, na matibabu ya mashine yatangoja.

Kuhusu sindano za kujaza midomo na mashavu, kanuni yao ni kali zaidi, nami naiunga mkono kabisa. Hawazichomi siku ya kwanza ya kuonana, wala katika siku za mwisho kabla ya safari. Asidi ya hayaluroni, ambayo ndiyo inayochomwa humo, ikiingia au kubana mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, na katika visa vichache mgonjwa amepoteza uwezo wa kuona. Hapo tiba ni kuchoma hayaluronidasi haraka, dawa inayoyeyusha kilichochomwa. Niliuliza kama dawa hiyo ipo, muuguzi akafungua jokofu na kunionyesha, pamoja na tarehe ya kuisha muda wake. Hata sindano za Botox za kupunguza mikunjo, ambazo watu huziona nyepesi, huonyesha matokeo kamili baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo anayeondoka siku ya tano hatakuwepo kukaguliwa. Sindano na dripu za glutathioni za kung'arisha mwili mzima hawazitoi kwa mtu yeyote, mgeni au mwenyeji, na tangazo la jambo hilo limebandikwa mapokezi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa.

Alichopewa wifi kilikuwa kidogo na kilitosha: utaratibu wa kuacha steroidi polepole, krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20, ushauri wa kubadili njia ya uzazi wa mpango kupitia daktari wake wa Moroni, na losheni ya kukinga jua yenye oksidi ya chuma, kwa kuwa losheni za kawaida huzuia miale ya urujuanimno lakini haziuzuii vizuri mwanga unaoonekana kwa macho, ambao nao hukoleza weusi kwenye ngozi kama yake. Alipewa pia barua ya kurasa mbili kwa Kifaransa, yenye utambuzi wa ugonjwa, majina ya dawa kwa viambato vyake, mambo ya kuepuka na dalili za kumkimbiza hospitali. Makubaliano yalikuwa waonane kwa video kila baada ya miezi michache, lakini mabadiliko yoyote ya dawa yaandikwe na daktari aliye naye kule, anayeweza kumgusa na kumpima.

Mambo ya karatasi pia yamewekwa vizuri. Cheti cha usajili cha Baraza la Madaktari Tanganyika kimetundikwa mahali pa kusomeka. Bei ziko ukutani kwa shilingi, jambo ambalo kanuni za mwaka 2025 kuhusu fedha za kigeni zinalitaka, na hazibadiliki kwa kusikia lafudhi ya mgeni. Fomu ya ridhaa ya matibabu ni tofauti na fomu ya ridhaa ya picha, na hiyo ya picha mtu anaweza kuikataa bila kupoteza chochote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, lakini ni mara ngapi tumeona nyuso za wagonjwa zikitembezwa mitandaoni, kabla na baada, kana kwamba ni mali ya kliniki?

Kasoro zipo, tena nyingine si ndogo. Losheni ile ya kukinga jua ilikuwapo kwa rangi mbili tu, zote nyepesi, na usoni mwa wifi iliacha ukungu wa kijivu ambao hakuna mwanamke angeuvaa harusini. Kliniki inayofahamu ngozi nyeusi kiasi hiki ingepaswa kudai rangi zinazolingana nayo kutoka kwa wanaoiuzia. Tuliishia kuichanganya na poda yake ya zamani. Bei ya losheni hiyo ni kubwa kwa kitu cha kupakwa kila siku mwaka mzima, na inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun, iliyoanzia katika kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa maana ujuzi upo hapa nchini. Kusubiri nako ni kurefu: miadi ya saa nne tuliingia karibu saa saba, kwa kuwa daktari hamharakishi mtu, na hakuna aliyetuarifu. Namba ya dharura ya usiku hupokelewa na muuguzi ambaye siku tuliyoijaribu hakuwa na jalada la mgonjwa mbele yake, na kwa kituo kinachohudumia watu wa mataifa mengine hilo linahitaji kurekebishwa haraka. Gharama ya kuonana kwa video pia haimo kwenye orodha ya ukutani; tuliijua baadaye.

Wifi alikwenda harusini na mabaka yake chini ya poda. Miezi imepita, mabaka yamefifia lakini hayajaisha, na daktari alikuwa amemwambia tangu siku ile kwamba melasma hudhibitiwa, haifutwi. Leza bado haijafanyika, na katika mazungumzo ya mwisho ya video hakuiulizia.

Kwa anayekusudia kuja kutoka nje, naomba aweke miadi kabla ya kukata tiketi, kisha aulize mapema ni matibabu gani yanaruhusiwa kwa muda alio nao. Abebe krimu zake zote na orodha ya dawa anazomeza, atafute jina la daktari katika daftari la Baraza la Madaktari, na aiombe barua ya kumpelekea daktari wa kwao mwanzoni mwa ziara, kwa kuwa kuiandika kwa lugha nyingine huchukua siku mbili tatu.