Uni-assist kwa waombaji wa masta ya fizikia Ujerumani: unalipia nini hasa?

Uni-assist ya Berlin hukagua vyeti vya waombaji kutoka nje kwa niaba ya vyuo vikuu vingi vya Ujerumani. Ombi la kwanza kwa muhula ni euro 75, kila la nyongeza euro 30. Kwa kazi wanayofanya, bei si mbaya. Ila anayesoma faili lako hapo ni mkaguzi wa vyeti, si mwanafizikia, na faili kupita mikononi mwake si kupata nafasi.

Kubadili alama kwenda mfumo wa Kijerumani wanaweza, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe kabla ya kulipa. Chukua GPA ya juu kabisa, toa yako; gawanya kwa tofauti kati ya ya juu kabisa na ya chini ya kufaulu; zidisha kwa 3, ongeza 1. GPA ya 3.8 kwenye mfumo wa 5, ambako kufaulu huanzia 2.0, inatoka 2.2. Usishtuke: kwa Wajerumani 1.0 ndiyo bora, 4.0 ni kuponea chupuchupu. Chuo kikitaka 2.5 au bora nawe ukatoka 2.9, usitupe hela. Transkripti isiyo na jedwali la madaraja huleta utata, kwa hiyo mwombe msajili barua inayoeleza mfumo.

Malipo ndiyo yanayokwamisha wengi. Benki za njiani zikimega makato na fedha zikafika pungufu, faili halisogei. Tumia kadi, au agiza makato yote yabebwe na mtumaji. Ukaguzi huchukua wiki nne hadi sita. Kama mwisho ni Julai 15, tuma mwanzoni mwa Mei.

Angalia pia chuo chako kinataka nini. Heidelberg hupokea maombi moja kwa moja. TUM, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Munich, hutaka VPD, yaani hati ya ukaguzi wa awali: uni-assist wanakupa, kisha wewe unaipakia kwenye ombi la chuo. Ukiipata ukakaa kusubiri majibu, hujaomba chochote.

Lisilogunduliwa na uni-assist ni upungufu wa fizikia yenyewe. Mwenye BSc with Education ana digrii halali, vyeti vyake vitapita vizuri tu, lakini sehemu ya masomo yake ni ualimu na somo la pili. Kamati ya chuo itahesabu mekanika ya kinadharia, elektrodinamiki, mekanika ya kwanta, fizikia ya takwimu na saa za maabara. “Modern Physics” pekee haitasomwa kama kwanta. Jina la kozi kwenye transkripti halitoshi: ambatanisha nusu ukurasa kwa kila kozi, wenye mada, saa za darasa na maabara na kitabu kilichotumika, ukiwa na muhuri wa idara. Muhuri huo uombe kabla chuo ulichosoma hakijafunga, maana likizoni idara hubaki na mlinzi tu.