Nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za karani

Nimengoja nilipwe kwanza ndipo niandike kuhusu ofisi hii ya wakili iliyonisimamia kesi ya ajali, asije mtu akasema nina hasira za kucheleweshewa.

Mimi ni fundi cherehani, niko Majengo, Mombasa. Mwaka jana nilipeleka kanzu za harusi Malindi, na wakati wa kurudi nikapanda matatu ya watu 14. Tulipofika Vipingo tairi la nyuma likapasuka. Dereva akakanyaga breki na kukata usukani kwa pamoja. Gari lenyewe refu kwa kimo, jembamba, na juu kwenye keria mna magunia ya nazi. Likalala ubavu, likabingiria mara mbili, likaishia ndani ya mkonge magurudumu yakitazama mbinguni. Mimi nilikuwa nimefunga mkanda, nikabaki naning'inia kama popo. Jirani yangu hakufunga. Tulimkuta nje, hatua kama ishirini. Alipona, lakini mguu haujarudi sawa.

Mimi nilivunjika mtulinga wa kushoto. Kwa fundi, mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa.

Siku ya pili, bado niko wodini, akaja kijana na mkoba, pole nyingi, akanitolea karatasi nitie dole. Ati ofisi yao hailipwi mpaka nishinde, halafu wanachukua theluthi. Nikamwambia ningoje mke wangu aje asome. Hakurudi. Baadaye nikajifunza kwamba Kenya wakili haruhusiwi kufanya mapatano ya namna hiyo, wala kutafutiwa wateja vitandani.

Ofisi hii nilielekezwa na shemeji. Iko mjini, ghorofa ya pili, ngazi kali kwa mtu mwenye mkono kifuani. Wakili nilimwona dakika kumi. Aliyenipokea hasa ni karani, bibi wa makamo mwenye miwani ya kamba, na swali lake la kwanza halikuwa "unaumwa wapi" bali "risiti ziko wapi?" Nikampa mfuko wa plastiki. Akazipanga kwa tarehe, akanirudisha hospitali kwa mbili zilizokosekana. Akanieleza kwamba gharama isiyo na risiti mahakamani ni hadithi tu. Akanituma polisi nikachukue abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali, na kujaziwa P3, fomu ya polisi ya kuelezea majeraha (hiyo safari nilienda mara nne, sitaki hata kuikumbuka), nikalipa shilingi 550 za kutafuta rekodi za mwenye gari NTSA, mamlaka ya usafiri, na 3,000 za ripoti ya daktari.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hushtaki kampuni ya bima. Unamshtaki mwenye gari na dereva wake, bima inapelekewa notisi, ukishinda ndiyo inalipa. Kisheria mwisho wao ni milioni 3 kwa mtu mmoja, na madai ya kuumia yana miaka 3 tu, yakipita umekwisha.

Lakini nyota ya pili ya karani ni kwa hili. Mimi nilishasema miezi miwili niliyokaa bila kushona imepotea, sina barua ya mwajiri. Akaniuliza, "Daftari la oda unalo?" Ninalo. "Na wateja wanalipa kwa M-Pesa?" Wengi. Basi tukachapisha taarifa ya miezi sita kabla ya ajali, tukaiweka sambamba na daftari. Kwa karatasi hizo nilipata 40,000 ambazo mimi mwenyewe nilishazizika.

Daktari wa upande wa bima alinipapasa bega, akaniambia niinue mkono, akaandika kwamba nimepona kabisa. Aje ashone mikono ya kanzu tatu mfululizo aone.

Kesi ilipelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo mwisho wake ni milioni 1 na inatakiwa iamue ndani ya siku 60. Waliuliza sana habari ya mkanda, maana abiria asiyefunga anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama. Utingo mwenyewe alikiri nilikuwa nimefunga. Nikapewa 350,000 za maumivu, 21,950 za risiti, na hizo 40,000.

Sasa kilio changu. Bima ililipa kwa akaunti ya wakili, mimi sikuambiwa. Wiki tano napiga simu, "wakili yuko kortini". Nilijua pesa zimeingia kwa kuulizia kwa bima mwenyewe. Nilipopanda zile ngazi tena, nikapewa hundi imepungua 62,000 bila mstari hata mmoja wa maelezo. Sisemi hazikuwa haki yake, kazi ilifanyika. Lakini mimi mteja akiniletea kitambaa cha yadi tano namrudishia hata vipande. Nikadai hesabu kwa maandishi, nikaipata baada ya siku tatu, na mle ndani mlikuwa na 4,000 za "usafiri" ambazo hakuna aliyeweza kunieleza ni wa nani kwenda wapi. Zikarudishwa kwa M-Pesa jioni ile ile, bila salamu.

Nyota ya tatu ni ya wakili, kwa kushinda. Ya nne ningempa kama angenipigia simu siku pesa zilipoingia.